Shukrani Zilizoenda kwa Mama Mwingine

Jamani, mdomo wangu umeniponza!

Jana huko Nairobi, Mutua wetu wa Kwa Vonza alishinda tuzo ya taifa ya muziki. Walipomwita alikuwa nje akikaza nyuzi za gita. Nikapanda jukwaani mimi, meneja wake, mtu wa dunia!

"Asante mama yangu Kalondu, umenizaa nikazalika!"

Mutua hata sikumtaja. Furaha, ndugu zangu.

Leo asubuhi tumeleta kombe nyumbani. Mama yake hakuligusa.

"Mutua, nilialika majirani tukusikize kwa redio. Ilikuwa ikikwaruza, sauti yako sikuitambua, lakini jina nililisikia. Huyo Kalondu amekuwa mama yako tangu lini?"

Machozi yakamtoka.

Mutua akanigeukia polepole.

"Meneja, si wewe unajua kuongea? Haya, ongea."

Nyinyi mngeanzia wapi?