Maji ya Majivu

Nilimaliza kidato cha nne, na kwa miaka mingi hilo lilitosha kunifanya mshauri wa watu katika mambo nisiyoyajua. Enzi za ruksa zilipoingia, serikali ilipoachia biashara kwa watu binafsi, nilikuwa nimeachishwa kazi kwenye chama cha ushirika na kuokotwa na mnunuzi binafsi wa pamba pale Bariadi. Kila mtu alikuwa mtaalamu wakati ule. Aliyeuza mafuta ya taa jana, leo alikuwa na duka la dawa. Sikuona kwa nini mimi nibaki nyuma.

Ndipo baba mkwe wangu akaugua. Alikuwa mzee wa Mwamapalala, mwenye ng'ombe wengi na maneno makali kuliko pembe zao. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita “yule wa kalamu”. Alipovimba miguu mpaka viatu vikamkataa, tulimpeleka hospitali ya misheni, akalazwa.

Daktari alikuwa kijana mwembamba asiyejua Kisukuma hata salamu, na mzee hakupenda Kiswahili, akikiita lugha ya kodi. Kwa hiyo mimi nikawa mkalimani, cheo nilichokipokea kama uwaziri.

“Figo zake zimechoka,” daktari alisema. “Asile chumvi. Na msimbadilishie chakula chochote bila kuniuliza.”

Nikamgeukia mzee. “Amesema usile chumvi.”

Sentensi ya pili niliiacha. Sikuisahau, niliiacha. Niliona inanishusha. Mtu aliyesoma atakwendaje kuuliza kuhusu mboga?

Aliyempikia mzee alikuwa mke wake mdogo, mwanamke wa Nkoma, mkimya, mwenye mkono mzuri wa jikoni. Alikaa hospitalini siku zote, akipika kwenye kibanda cha wauguzaji nyuma ya wodi. Kwa mila zetu yeye naye alikuwa mama mkwe wangu. Tukikutana njiani yeye anajifunika kanga na mimi nageuka upande. Hatusemezani uso kwa uso, hatulani pamoja, hatutajani. Nikiwa na neno naye, linapitia kwa mke wangu.

Siku ya nne mzee alisukuma sahani.

“Hiki ni chakula cha maiti,” alisema. “Na maiti mwenyewe angelalamika. Mkwilima, wewe uliyesoma, vitabu vyenu vinasema mtu afe kwa chumvi au kwa njaa? Nichague mapema.”

Alikuwa ameniita mkwilima, yaani mkwe. Masikio yaliniwaka moto kwa furaha. Hapo hapo nikapata wazo. Vijijini kwetu, chumvi ya dukani ilipokuwa haipatikani, bibi zetu walichoma maganda ya maharage na mabua, wakachuja majivu yake kwa maji, na maji yale ya rangi ya chai wakapikia mlenda. Yana ukali fulani kwenye ulimi. Nikajiambia: majivu si chumvi, na daktari amekataza chumvi. Hoja ilinyooka kama rula.

Jumapili mke wangu alipokuja kumwona baba yake, nikamtuma. “Mwambie mama mdogo achuje maji ya majivu, apikie mboga za mzee. Aweke ya kutosha.”

“Daktari anajua?”

“Daktari amesema chumvi. Mimi nimesoma kemia.”

Alikwenda, akarudi nyumbani kwetu Bariadi kwa watoto. Jioni ile mzee alikula mlenda na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akalamba vidole, akanitazama kwa jicho nililolisubiri tangu siku ya mahari. “Leo nimepata mkwe,” alisema. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walisikia. Nilihakikisha.

Siku tano baadaye aliniambia, “Miguu hii si yangu. Ni ya mtu mwingine, naye amelala.” Mikono ikalegea. Muuguzi akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akahesabu tena, akatoka mbio. Daktari alileta mashine yake ya kupima moyo, akambandika nyaya kifuani. Karatasi ikatoka. Palipotakiwa kuwa na vilima vidogo palikuwa na ncha zilizochongoka kama misumari. Akamdunga sindano moja polepole sana huku jasho likimtoka yeye badala ya mgonjwa, kisha akatundika dripu ya sukari na insulini.

Mzee alipotulia, daktari alitukusanya: mimi na mtoto wa kwanza wa mzee, shemeji yangu, jitu la mifugo lenye sauti ya kuitia ng'ombe joshoni.

“Potasiamu imepanda kwenye damu yake,” alisema. “Figo nzima huitoa. Zake haziwezi. Hii haimpigii mtu hodi. Moyo husimama tu, basi. Anakula nini?”

Potasiamu. Nilimwona mwalimu wangu wa kemia wa kidato cha tatu, ameshika ndoo, akituambia kwa sauti ya kuchoka kwamba potashi waliyoijua babu zetu ilitoka kwenye majivu. Niliandika jambo lile kwenye daftari na kulipigia mstari. Kwa hiyo nilijua. Katika chumba kile chote ni mimi peke yangu niliyejua, na nikafungua mdomo.

“Nadhani ni hizi dripu za maduka ya watu binafsi,” nikasema. “Siku hizi kila mtu anauza dawa.”

“Dripu nimezikagua mwenyewe. Nauliza chakula.”

Shemeji akageukia mlangoni, alikosimama mke mdogo na sufuria yake. “Anayepika ni yule. Mama mdogo, unamwekea nini mzee?”

“Mboga.”

“Mboga na nini?”

Akafunika sufuria yake. Angeweza kusema maneno matatu: mkwe ndiye aliyeagiza. Lakini mama mkwe hamshitaki mkwe mbele za watu. Afadhali aibu imle yeye. Adabu ilimfunga mdomo. Mimi ulinifunga woga, na woga hauna mila yoyote ya kusingizia. Nilitazama dari. Palikuwa na mijusi wawili. Ninawakumbuka vizuri kuliko uso wake.

“Mnaona? Hana jibu,” alisema shemeji. Alasiri ile akampandisha kwenye lori la pamba lililokuwa likipita kuelekea kwao, na kifurushi chake. Niliinua upande mmoja wa kifurushi.

Sasa tazama jinsi ukimya unavyozaa. Mpishi alipoondoka, maji ya majivu yaliondoka naye, na mzee akaanza kupona. Siku ya tatu aliketi. Kila hatua aliyopiga kwenda chooni ilikuwa ushahidi dhidi ya mwanamke yule. Mpaka sokoni Maswa walisema kuna mtu wa Nkoma aliyemlisha mumewe sumu akafukuzwa na daktari.

Mke wangu aliisikia habari hiyo kisimani. Alikuja hospitalini bila kuniamkia.

“Utasema wewe au niseme mimi?”

Nikasema, kando ya kitanda, daktari akiwepo, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, nikianzia ile sentensi niliyoiacha. Daktari alifunga faili la mzee.

“Umesoma mpaka wapi?”

“Kidato cha nne.”

“Bahati mbaya. Ungeishia darasa la pili ungekuja kuniuliza.”

Shemeji alicheka. “Majivu? Tumeyala tangu tuna meno ya maziwa! Huyu anamkinga mama mkwe wake. Mtu mwema, shemeji.”

Hata ungamo langu lilikuwa likigeuzwa sifa. Mzee akainua mkono.

“Nyamaza, wewe. Mimi ndiye niliyekula.” Kisha kwangu: “Majivu ulinipa ili nikupende. Hilo naliona. Na yule mama ulimnyamazia ili nani akupende?”

Nikaanza kukunja shuka lake lililokuwa limekunjwa tayari.

Alipotoka hospitalini alituma wazee wawili Nkoma kumwita mkewe. Walirudi na jibu fupi: aliyeandika dawa apike mwenyewe. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaamuru yeye mwenyewe apelekwe nyumbani kwangu.

Basi nikapika. Mke wangu alisema ujumbe haukutumwa kwake. Daktari alinifundisha: mboga zikatwe ndogo, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, zichemshwe upya, michembe hapana, ndizi hapana, majivu usiyataje. Niliuliza kila kitu, mpaka akanikimbia. Wapimaji wenzangu wa pamba walipita uani saa za mchana makusudi waone karani akipepea jiko. Mzee hakuacha siku hata moja kuuliza, “Mkwilima, leo umeua mboga gani?”

Aliishi misimu miwili ya pamba. Kisha figo zikamaliza kazi yao, naye akaenda.

Kwenye msiba Mwamapalala mke mdogo alikuja. Alikaa pembeni na wanawake wa kwao, akala chakula alichokuja nacho kwenye bakuli lake. Wengi walimkwepa, kwa kuwa maneno yangu ya wodini hayakuwa yamefika kijijini, ila ya sumu yalifika siku ile ile. Nilimwomba mke wangu ampelekee msamaha wangu. Akaenda, akarudi.

“Amesema nini?”

“Ameuliza kama unanituma tena.”

Nikasimama katikati ya ua, nikampa mama mdogo mgongo kama mila inavyotaka, nikawaeleza waombolezaji wote tangu mwanzo: aliyoyasema daktari, niliyoyaficha, majivu, mijusi, lori. Shemeji alitazama chini. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenisifu. Nyuma yangu nilisikia maji yakimiminwa. Alikuwa anaosha bakuli lake. Kisha akauliza, kwa sauti isiyonihusu, kama kuna gari la kurudi Nkoma.