Santuri Isiyo na Wimbo

Siku didjei Sindano alipochelewa kurudi kutoka kazini alipigwa kofi la sikio la kushoto, na tangu hapo upande huo ukawa kimya. Aliyempiga ni mumewe, mchomeleaji wa mageti, mtu wa mikono mizito na maneno machache. Muuguzi mkuu wa zahanati alimulika tochi sikioni, akatikisa kichwa. "Kiwambo cha sikio kimekwenda, mwanangu. Hili halisikii tena." Sindano akahamia kwa dada yake na gramafoni zake mbili, nguo kwenye mfuko wa saruji.

Didjei wa sikio moja ni kichekesho, na wenzake walicheka kweli mpaka walipomwona kazini. Santuri zake hazikuwa na muziki hata chembe. Zilikuwa na mlio mmoja mwembamba wa kukera, na mlio huo ulipitia kisanduku kidogo kwenda kwenye kompyuta, ukaijulisha sindano ya gramafoni iko wapi na mkono unakwenda kasi gani. Nyimbo zote zilikaa kwenye kompyuta. Akirudisha santuri, wimbo unarudi; akiishika, unasimama. Pale sikio lilipomwangusha, aliyatazama mawimbi ya sauti kwenye kioo, akaunganisha nyimbo kwa macho. Kasoro ilikuwa moja tu: waya wa kompyuta ukichomoka, kisanduku kiliupeleka ule mlio mtupu moja kwa moja kwenye spika. Ilimtokea mara moja kwa dada yake, na mbwa wa jirani akaruka ukuta.

Muuguzi mkuu alipostaafu alisema hataki didjei mwingine kwenye sherehe ya kumuaga. "Mimi nimechoka na sindano zangu, sasa tuone zako," alimtania. Mchana wa Jumamosi wauguzi wote walikuwa ukumbini, viatu vimevuliwa, wanacheza.

Mume akaingia kwa mlango wa jikoni. Mlinzi aliyemzuia alipigwa kichwa cha pua, damu ikamwagikia shati. Wachezaji wakapisha. Alipanda jukwaani, akamkamata Sindano nywele na kumbamiza uso ukingoni mwa meza. Jino likavunjika.

"Umekimbia nyumba kwa sababu ya hii takataka," alisema. "Naivunja. Tuone utakula kwa nani."

Sindano alijua anasema kweli. Bila kompyuta ile angerudi kwake kabla mwezi haujaisha, na safari hii asingetoka. Mume aliinama nyuma ya meza kutafuta nyaya za kompyuta, kichwa chake kikiwa shibiri moja kutoka spika kubwa ya jukwaa. Sindano alikiona kilipo. Nafasi ya kupunguza sauti alikuwa nayo.

"Usivute huo waya," alimwambia. Haki ya Mungu, alimwambia.

Akauvuta.

Mlio ulipasua ukumbi. Watu walianguka chini wameziba masikio. Mume alipiga yowe lisilosikika, akajaribu kuinuka, na Sindano akamkandamiza goti shingoni, uso wake ukabanwa kwenye spika. Yeye mwenyewe aliielekezea spika sikio la kushoto, lile lililozimwa na huyo huyo, akasukuma sauti hadi mwisho. Kisha akaanza kuizungusha santuri kwa mkono, haraka, haraka zaidi, na mlio ukapanda kila alipoongeza kasi. Alifurahi. Sitamsingizia huruma ambayo hakuwa nayo.

Muuguzi mkuu ndiye aliyefika na kuinua sindano kutoka kwenye santuri. Wauguzi wanne wakamkalia mume, ambaye alikuwa analia na kuita watu asiowasikia. Kwa mazoea ya miaka mingi, muuguzi mkuu alipiga magoti, akawasha tochi ya simu na kumchungulia masikioni, la kulia, halafu la kushoto.

Sindano alitema kipande cha jino. "Vipi?"

"Viwambo vizima vyote viwili. Masikio yatampigia kelele siku mbili tatu, kisha yatapona."

Sindano alimgeuzia sikio lake la kulia. "Umesema?"

"Yatapona, mwanangu."

Hakuwa amelia alipobamizwa mezani. Alilia hapo.