Nguo Iliyokushinda

Soko huria lilipoingia, mitumba ilishuka Musoma kwa marobota, na mafundi cherehani wa Nyasho wakabaki kukaza vifungo na kufupisha suruali zilizoshonewa Wazungu warefu. Hyasinta alikuwa mmoja wao. Mumewe, Bernado, alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, akamwachia mtoto wao Masatu, akaenda machimboni upande wa Geita, akaandika mara moja, kisha kimya. Hyasinta hakulia. Aliamka, akakanyaga cherehani, akalala. Watu walisema ana moyo mgumu. Mwenyewe hakuwa na hakika kama moyo upo.

Aliwahi kualikwa hotelini kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo. Walikunywa soda, wakasikiliza hotuba, wakapeana kadi zenye majina. Kila aliyemuuliza, "Biashara inaendaje?" alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, akitafuta mtu mkubwa zaidi wa kusalimiana naye.

"Inaendelea vizuri," Hyasinta alijibu, kama walivyojibu wote. Wote walikuwa wanakufa njaa vizuri.

Kwao, kijijini kando ya ziwa, watu walilimiana: leo shamba langu, kesho lako. Na hakuna aliyekuita ukalime palipo safi, ulionyeshwa magugu. Basi akawaita mafundi wachache kibandani kwake Jumapili baada ya misa. Sharti lilikuwa moja: mwenye zamu alete nguo iliyomshinda.

Bhoke wa Mwisenge alileta koti lililovuta begani. Mzee Machage alitoka Bunda na suruali iliyokataa zipu. Dorkas wa Butiama alikuwa akikaa mlangoni tu, akisema yeye bado hajashindwa. Wakafumua, wakabishana, wakala viazi kwa dagaa.

Zamu ya Hyasinta ikafika. Akaweka mezani shati lenye kola iliyopinda.

Machage aliipitisha kola kwenye kidole gumba. "Mama Masatu, hii umeipinda mwenyewe jana."

"Imenishinda, mzee."

"Kola? Wewe? Basi na mimi ugali umenishinda kumeza."

Bhoke alicheka, kisha akaacha. Dorkas alisimama, akakaza kanga kiunoni. "Ulikuwaga unatusimulia ya hotelini. Kumbe ni haya haya, tofauti soda tu."

Hyasinta aliona kwamba akinyamaza, Jumapili ijayo kila mtu ataleta kola. Akainama chini ya meza, akatoa mfuko, akamwaga vipande vya kaki. Vilikuwa vimekatwa zamani, chaki ilishafifia.

"Suruali ya Bernado," akasema. "Niliikata wiki aliyoondoka."

"Imekushinda wapi?" Machage akauliza, vile vile alivyouliza juu ya koti la Bhoke.

"Vipimo. Sijui sasa kanenepa au kakonda."

Hakuna aliyesema pole, na hilo lilimfaa. Bhoke alikivuta kitambaa kwa mikono miwili. "Kaki ya kiwandani hii, siku hizi huipati. Masatu ana kaptura ya shule?"

"Ina viraka."

"Hapa zinatoka mbili."

"Na baba yake akirudi?" Dorkas akauliza kutoka mlangoni.

"Akirudi atapimwa upya," Machage akasema. "Mtu hupimwa akiwa amesimama mbele yako, mwanangu. Hapimwi kwa kukumbukwa."

Hyasinta alichukua mkasi. Alingoja kitu kimchome, hakikuchoma. Kaki ilikatika kama kaki yoyote. Bhoke aliwasha pasi ya mkaa, Machage akashona mifuko, yeye akakanyaga cherehani mpaka kaptura ya pili ikaisha. Masatu alizijaribu, akasema zinambana kidogo. Wakaachia mshono. Siku ile Hyasinta alilala kama siku zote.

Jumapili iliyofuata Dorkas alifika wa kwanza, na sketi ya mteja ndani ya gazeti.

"Haya," akasema kabla hajakaa. "Kushona sijashindwa. Nimeiunguza kwa pasi, na mwezi mzima namwambia mwenye sketi bado haijaisha."

"Mwezi!" Machage akajipiga paja. "Na wewe unashona tu? Si ungegombea udiwani!"

Dorkas mwenyewe akacheka, huku machozi yakimlengalenga. Hyasinta alimsogezea kiti, akaikunjua sketi juu ya meza, akatafuta palipoungua.