Kupita Lango la Mama Mkwe

Nimezaliwa miongoni mwa watu ambao dunia nzima inaamini hutoka tumboni wakikimbia. Nilipofika chuo kikuu, mkufunzi wa michezo aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu Kericho, naye akaniandika kwenye timu ya mbio bila kuniangalia mara ya pili. Wiki mbili baadaye alilifuta jina langu kwa upole, kama mtu anayetoa jina la marehemu kwenye orodha. Tangu hapo nimekimbia mashindano mawili tu, yote kwa ajili ya kazi.

Kazi yangu ni ya kalamu. Naandika barua, kumbukumbu za mikutano na jarida la wakulima katika kiwanda cha chai cha wakulima wadogo. Jarida hilo linapendwa sana. Nimeliona likifungiwa mayai hadi soko la Chepilat. Kiwandani wananiita Profesa, na si kwa sifa.

Kila mwaka wafanyakazi hukimbia kilomita kumi, kutoka kituo cha mbali kabisa cha kupimia majani mabichi hadi kwenye lango la kiwanda. Ni njia ile ile ya lori la majani. Tunaanza mbio wakati wapimaji wanaanza kazi, na lori hutufuata nyuma likipakia magunia kituo baada ya kituo. Majani yakikaa kwenye gunia yanapata joto na kuwa mekundu, kwa hiyo lori halingoji mtu. Sheria ni moja: lori likiingia langoni kabla yako, hukumaliza. Kila idara ina watu watano, na timu huhesabiwa kwa mtu wake wa mwisho. Timu inayoshinda hupigwa picha, na picha hiyo hutundikwa mapokezi mwaka mzima.

Mwaka jana timu ya ofisi ilikuwa na watu wanne hodari na mimi. Aliyetutangulia wote alikuwa mama anayetupikia chai, mwanamke wa karibu miaka sitini, mwembamba, anayekimbia kama anayewahi sufuria isifurike. Tungeshinda, ila kwenye kilomita ya saba kuna lango la mama mkwe wangu.

Kwetu mkwe hampiti mama mkwe kama anayepita kibanda cha viazi. Alikuwa amesimama pale barabarani. Nikasimama, nikamsalimu, naye akaniingiza uani, akanivutia kiti. Nilijiambia ni dakika moja. Nikanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, kwa sababu kimoja kingekuwa dharau. Tulikuwa bado tunaulizana habari za ng'ombe lori liliponguruma nje. Niliingia kiwandani nimekaa juu ya magunia, na karani wa mizani akaniuliza kama nimechumwa leo au jana. Mafundi wa boila, mtambo wetu wa mvuke, ndio walipigwa picha.

Mama wa chai hakunilaumu. Ila kwa wiki nzima chai yangu ilikuja bila sukari, na mimi ni mtu wa vijiko vitatu.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya mbio, aliweka trei mezani kwangu na hakuondoka.

"Profesa, Desemba naenda nyumbani. Nastaafu."

"Nimesikia, Mama."

"Miaka ishirini na mitatu napitisha trei chini ya picha za watu wengine. Mgeni akikaa anauliza, hawa ni akina nani? Mimi namtajia mmoja mmoja. Sasa nataka mgeni aulize, mimi nimimine tu chai ninyamaze. Aangalie picha, aniangalie mimi."

Nikamwambia atafute mtu mwingine wa tano.

"Ofisi ina watu watano," akasema. "Nimehesabu."

Basi nikaanza mazoezi. Nilinunua viatu vya mitumba na kila asubuhi nikawa napanda kilima nyuma ya mashamba, kwenye kijia cha wachumaji. Wanawake waliokuwa wakichuma chai walinisikia nikihema kabla hawajaniona.

"Huyo anafukuzwa na nani?" mmoja aliuliza.

"Na tumbo lake," mwenzake akajibu. "Na linamshika."

Wiki ya tatu waliacha kucheka. Wiki ya nne walinisalimu kwa mkono bila kusimamisha kazi, na mimi nikainua wangu bila kusimama. Kilima nilikiweza. Lango ndilo lilininyima raha. Nilimwomba mke wangu aende kwa mama yake amweleze.

"Nimwambie mama yangu asikusalimu?" akasema. "Hiyo kazi si yangu. Nenda umwambie wewe."

Sikuenda. Nina shahada mbili na sikupata sentensi hata moja ya kumwambia. Niliamua kwamba nitapita nikitazama lami, halafu Jumapili nitaenda na sukari na unga kuomba msamaha. Mpango wa mwoga, lakini ulikuwa mpango.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu. Wenzangu wanne walipotea mbele kabla sijamaliza kilomita ya kwanza. Aliyebaki nami ni fundi mkuu wa boila, mtu wa rika langu na kilo zangu, wa tano kwenye timu ya mafundi. Wote wawili tulielewa vizuri: wanne wetu na wanne wao wangefika, na picha ingeamuliwa na sisi wanene.

"Profesa, leo unakunywa chai wapi?" akaniuliza.

"Kiwandani."

"Tutaona."

Alinitangulia kwenye kilomita ya nne. Sikumfuata. Nilishika mwendo wangu wa kilimani, ambao ni mwendo wa mtu anayewahi mazishi akiwa na jiwe kiatuni, nikahesabu nguzo za umeme. Karibu na kilomita ya sita nikasikia jina langu la kiwandani likiitwa kutoka uani kwa watu. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti, kikombe mkononi, mama mmoja mzee akimwongezea.

"Ni shangazi yangu," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshikwa. "Karibu kidogo, Profesa."

Nilimwonea huruma mpaka kwenye kona.

Baada ya kona ndipo nikaliona lango. Nilikuwa nimejiandaa kutazama chini, lakini macho yalikataa. Mama mkwe wangu alikuwepo. Alikuwa amelifunga lango na kulitia kufuli, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana, naye amesimama ndani, leso mabegani, amenipa mgongo. Alikuwa anatazama ukuta wa jiko lake kana kwamba una maandishi.

Ilinichukua hatua kadhaa kuelewa. Asiponiona, hatanisalimu; asiponisalimu, sina deni la kusimama. Baadaye mke wangu aliniambia kwamba mama yake alipiga simu asubuhi hiyo kuuliza jambo moja tu, wakimbiaji wanapita saa ngapi. Nilipolifikia lango, bila kugeuka, aliuambia ule ukuta, "Watu wa siku hizi wanakimbia polepole."

Nikaongeza mwendo. Kilomita mbili nzima nilikimbia kwa kasi kuliko nilivyowahi kukimbia maishani.

Kisha ukaja mteremko wa mtoni, na baada ya mto, kilima cha kiwanda. Harufu ya majani yanayonyaushwa ilinifikia kabla ya paa kuonekana. Nyuma yangu lori likabadilisha gia.

Dereva akatoa kichwa. "Profesa, panda. Nimekuwekea nafasi yako ya mwaka jana."

"Wewe endesha."

"Majani yanapata moto. Siwezi kukungoja."

"Sijakuomba ungoje."

Barabara pale ni nyembamba. Ningekaa katikati asingenipita, na nakiri nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mwenye shahada mbili. Nikasogea pembeni. Lori likanipita polepole, na juu ya magunia alikuwa amekaa fundi wa boila.

"Huku juu ni laini," akaniambia, bila furaha.

Zilibaki kama mita mia moja. Lori lilifika langoni likasimama, maana hakuna gari linaloingia kiwandani kabla askari hajaandika namba yake na idadi ya magunia kwenye daftari. Askari wetu huandika taratibu, lakini si taratibu kiasi cha kunitosha mimi. Niliendelea tu, nikitazama kizuizi, nikingoja kiinuke. Hakikuinuka. Nilipokaribia nikaona sababu. Mama wa chai alikuwa amesimama mbele ya askari na kikombe kilichojaa.

"Umeshinda hapo tangu asubuhi bila kitu tumboni," alikuwa anamwambia. "Weka kalamu chini kwanza. Kunywa."

Askari aliliangalia lori, akakiangalia kikombe. Mtu aliyezaliwa huku angefanya nini? Aliweka kalamu chini, akapokea kwa mikono miwili. Nami nikapita kwenye kilango cha waendao kwa miguu, nikaanguka kwenye nyasi.

Mafundi walilalamika sana. Meneja alisoma sheria mara mbili, akasema haoni mahali palipokatazwa kumpa mtu chai.

Picha ipo mapokezi. Wenzangu wanne wamesimama, na mimi nimekaa chini mbele yao kama gunia lililoshushwa, kwa sababu miguu ilikataa. Wiki iliyopita nilipeleka barua pale nikakuta mgeni kutoka Nairobi anaitazama.

"Hawa ni akina nani?" akauliza.

Mama wa chai alimimina, akaweka kikombe mbele yake, akasimama wima kando ya trei. Mgeni aliangalia picha, akamwangalia yeye, akarudia picha. Mimi nilisimama mlangoni na barua yangu nikinyamaza pia, ingawa nilitamani sana aniulize habari za yule aliyekaa.