Wake Wenzangu wa Bondeni

Wageni wakiingia sebuleni kwangu, hata hawajaketi, macho yao yanakwenda ukutani kwa wale korongo. Watasifu walivyosimama majini, watasifu jua linalozama, na zaidi ya yote watasifu ule ukungu mweupe upande wa kulia. Mimi nipo pale pale chini ya picha, nimeshika sinia la chai, na hakuna anayeuliza mimi nilikuwaje ujanani. Basi nawajibu kwa mkato kwamba hao ni wake wenzangu. Wanacheka. Wacheke tu, aliyekaa nao nyumba moja ni mimi.

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha mjini Sumbawanga miaka ile ya Ujamaa, kwenye chumba cha ubavuni mwa duka la baba yangu. Alikuwa Mfipa wa Pito, kwao Wakatoliki, watu wa mahindi na ulezi. Sisi tulikuwa Waislamu wa dukani, babu alihamia kutoka Tabora. Alisilimu ndipo akanioa. Alibadili jina, akaacha pombe, akajifunza kufunga mwezi mzima, na mimi nikatembea mjini kichwa juu, maana mwanamume kama huyo si wa kuokota. Sasa niambie, mtu aliyeyaacha yote hayo bila kunung'unika, vipi akashindwa kuacha ndege?

Chanzo chake kilikuwa viwavi. Afisa kilimo alimchukua siku moja wakapige picha za viwavijeshi waliovamia mashamba ya Mollo, na kumbe korongo nao walikuwa wameshawahi, wamejaa kati ya matuta wanakula. Mume wangu alirudi nyumbani macho yanamng'aa. Akanieleza kwamba ndege wale kwao ni Ulaya, kwamba huko baridi ikianza na barafu ikifunika kila kitu wanafunga safari, wanavuka jangwa, wanakuja kula viwavi wa Ufipa. Akaniambia mmoja alikuwa na pete mguuni. Eti amevaa pete, tena aliisema kwa sauti ya mtu anayesimulia bibi harusi. Mimi nilikuwa na pete ya fedha kidoleni, aliyonivisha yeye mwenyewe, na tangu harusi sikumbuki kama aliwahi kuitazama.

Toka hapo kila masika ikawa hadithi ndiyo hiyo. Nje ya mji, ng'ambo ya kiwanja cha ndege, palikuwa na bonde linalotuama maji. Mchana korongo walitawanyika mashambani, na jua likishuka walikusanyika pale majini kulala. Jua likishuka, mume wangu naye alikuwa juu ya baiskeli.

Ningevumilia kama asingewapelekea mkanda. Mikanda ya kamera miaka ile ilikuwa adimu kuliko sukari, ilikuja kwa malori kutoka Mbeya, mmoja mmoja, na kila picha iliyomo ilikuwa na mwenyewe: kadi za chama, bibi harusi, mwalimu na redio yake. Lakini picha tatu nne za mwisho za kila mkanda alisema ni zake. Na zake maana yake ni za ndege. Mimi nikimwomba picha moja tu, ananiambia subiri, mkanda mwingine unakuja, wewe nakuona kila siku.

Nje ya studio tulikuwa na sanduku la kioo la kuonyeshea kazi. Humo walikuwamo wanawake wa mji mzima, manesi, walimu, hata mke wa fundi cherehani na maua yake ya plastiki. Mke wa mpiga picha hamna. Wenzangu walinitania nikipita, wananiuliza kwani mumeo anakuficha una nini. Nilicheka nao, kisha naingia ndani nasonya.

Na kibaya zaidi, aliyewasafisha ndege wale ni mimi. Nilimsaidia kwenye chumba cha giza, nikitikisa karatasi kwenye dawa chini ya taa nyekundu, na mbele ya macho yangu korongo anajitokeza polepole, kwanza shingo, halafu mbawa, halafu ile miguu yake mirefu ya maringo. Mume wangu ataegemea begani kwangu, anong'one, "Tazama zilivyosimama." Na mimi namrudisha darasani: walivyosimama. Kwa Kiswahili chake cha Pito, ndege wa mbawa na ndege ya chuma zote zilikuwa "zi". Nimekulia dukani, Kiswahili nilikinywa na maziwa, kwa hiyo nilimwambia kila siku kwamba chenye roho ni "wa". Ndege wanaruka, ndege wanatua. Alikuwa ananikubalia kwa kichwa, halafu anarudia vile vile. Nilijua ni jambo dogo. Lakini kwenye ugomvi ule wa ndege, hapo tu ndipo nilipokuwa namshinda, kwa hiyo sikumwachia hata mara moja.

Ikakaribia Maulidi. Baba alinitunzia kipande cha kitambaa cha maua ya zambarau, kitu cha kufichwa chini ya kaunta siku zile, na fundi akanishonea gauni. Mume wangu alikuwa anakwenda Mollo kuwapiga wanakijiji picha za kadi. Akaniahidi, mkono kifuani, kwamba atabakiza picha moja na hiyo ni yangu, nimngoje jioni studio nimeshavaa.

Nikavaa. Nikapaka wanja. Nikakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya pazia lililochorwa ziwa na boti. Aliyelichora alisema ni bandari ya Kabwe, ingawa aliyefika Kabwe hakuwahi kuitambua. Nikangoja. Alasiri ikapita, jua likaanza kurefusha vivuli uani. Ndipo mke wa fundi alipopita kuliona gauni, akalisifu, akanigeuza nyuma na mbele, halafu akasema bila ubaya wowote kwamba mume wangu wamepishana njiani sasa hivi, anakata kuelekea bondeni.

Nilivuta sweta juu ya gauni, maana baridi ya Sumbawanga haijui sikukuu, nikatoka.

Baiskeli niliikuta imelazwa kwenye majani. Mwenyewe alikuwa mbele, kifudifudi kwenye tope, kamera usoni. Kamera yetu haikuwa na kioo cha kuvuta mbali, ili umpate ndege ilibidi umwendee kwa tumbo, kidogo kidogo, mpaka akuzoee. Nilisimama nikamtazama. Studio mteja akipepesa jicho alifokewa. Hapa mtu huyo huyo alikuwa hapumui. Alikuwa anamngoja korongo mmoja ainue shingo, na alikuwa tayari kumngoja mpaka kiyama, wakati mimi nilikuwa nimeachwa na wanja wangu mbele ya Kabwe ya kuchora. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Ningeambiwa kuna mwanamke kwenye matete yale ningejua pa kumshika. Korongo utamshika wapi?

"Nimekuja kuwasalimia wake wenzangu," nikasema, kwa sauti ya sokoni.

Hakugeuka. Aliinua tu mkono nyuma yake, kiganja wazi, kuniashiria ninyamaze. Mkono ule ndio ulionimaliza. Niliingia majini na gauni langu la Maulidi, nikapita pembeni yake, nikawaendea moja kwa moja, napiga maji kwa miguu. Wakaruka wote kwa pamoja. Sijawahi kusikia kelele ya mbawa kama ile, anga lote lilijaa weupe juu ya kichwa changu, na mimi nikageuka kumtazama yule bwana usoni, nione kama sasa ameridhika.

Alikuwa amepiga magoti. Kamera ilikuwa inanitazama mimi. Nikasikia ikilia mara moja.

"Mkanda umekwisha," akasema.

Nilidhani ananikejeli. Njia nzima ya kurudi niliongea peke yangu, nikamtajia Mollo, pete, barafu, sanduku la kioo, sikuacha kitu. Yeye alikokota baiskeli, na nilimwona anatabasamu gizani, na hilo likazidi kunichoma.

Tulipofika karibu na kiwanja cha ndege, vijana watatu wa mgambo wakatuzuia. Vita na Uganda vilikuwa vinaendelea, redio kutwa inatuambia tuwe macho, na hao walikuwa macho kweli. Kiongozi wao alikuwa na tochi. Akaimulika kamera, akauliza tunatoka wapi nayo.

"Bondeni," mume wangu akasema. "Napiga picha ndege."

"Ndege gani?"

"Zinatoka Ulaya. Zinatua hapa kila jioni."

Nikaona vijana wawili wanatazamana. Mtu mwenye akili zake angenyamaza hapo. Lakini mimi nilikuwa bado nachemka, na neno lile lilikuwa limenikaa kooni miaka.

"Wanatua," nikadakia. "Siyo zinatua. Wanatua."

Tochi ikanigeukia mimi. "Wanatua wangapi?" kiongozi akauliza.

Nikajitahidi kueleza. Nikasema ni wengi, weupe, warefu, wanakaa mpaka mvua ziishe ndipo wanarudi kwao. Kila nilipoongeza neno, yule kijana alizidi kukaza sura. Akamnyang'anya mume wangu kamera, akaipapasa, akapata kitasa cha mgongoni. Alitaka kuziona hizo ndege. Mimi niliyeshinda chumba cha giza nilijua kinachofuata na nikasema asifungue, lakini alishafungua, na tochi akaielekeza ndani. Mume wangu, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, alimrukia akaufunga ule mgongo kwa viganja viwili.

Kwa hilo tulipelekwa ofisi ya chama kama majasusi, mimi natiririka maji ya bonde. Bahati katibu alikuwa mzee tunayemfahamu, picha ya kadi yake ilitoka kwetu. Tukampa shikamoo, akaitikia, akasikiliza pande zote mbili. Tulipofika kwenye "wanatua wangapi" alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Akatuachia, na akawaambia vijana wamefanya kazi yao vizuri. Hakuna aliyeuliza habari za mkanda.

Asubuhi yake, Maulidi yenyewe, watu wanapita barabarani wamependeza, mume wangu aliingia chumba cha giza akausafisha. Nilimngoja nje mlangoni. Kwanza nilikuwa bado nimenuna. Halafu nikakumbuka ile kamera ilivyolia mara moja, na nikajikuta naomba Mungu, naomba hasa, kwa ajili ya picha ile. Alitoka na mkanda unachuruzika, akauinua dirishani tuutazame pamoja. Wanakijiji wa Mollo walikuwamo wote, wazima. Wao walipigwa mwanzo, wakaviringishwa ndani kabisa, mwanga haukuwafikia. Baada yao korongo wa kwanza, mzima. Korongo wa pili, mzima. Picha ya tatu, korongo wawili wamesimama majini, wameguswa ukingoni tu. Na baada yao peusi tii, hakuna kitu. Mimi nilipigwa mwisho, mimi ndiye niliyekuwa juu, tochi yote niliipokea mimi.

"Umeungua," akasema taratibu.

Sikujua kama anasema mkanda au anasema mimi. Kiswahili hapo hakitenganishi.

Wale wakapona. Hilo ndilo sijalisamehe mpaka leo. Wamekula mikanda yangu miaka yote ile, na siku zamu yangu ilipofika wamepona wao. Ile ya tatu aliikuza, na pale tochi ilipoiramba pembeni karatasi ilitoka nyeupe, maana cheusi cha mkanda ndicho cheupe cha karatasi, laini, polepole, ndio huo ukungu wageni wanaousifu. Hakuna ukungu pale. Jioni ile ilikuwa safi. Mwanga ulionimaliza mimi ndio ulioishia kwenye ubavu wa korongo, ukampamba.

Alinipiga picha nyingi baadaye. Mkanda uliofuata wote aliufanya wangu, kwenye kiti, mbele ya Kabwe, na gauni limeshafuliwa. Ninazo kwenye kabati. Nimekaa wima, nimefumba mdomo, nafanana na mtu anayesubiri kadi ya chama. Si hizo nilizokuwa nazitaka. Nilitaka kujiona katika ile moja, mara moja tu, nione nilivyoonekana kwa jicho lile alilokuwa nalo bondeni, jicho nililolionea wivu miaka yote.

Miaka ilipita kabla sijamuuliza. Tulikuwa tumekaa uani tunapukuchua mahindi, masika imeanza, na korongo wachache walikuwa wanapita juu kuelekea bondeni. Hakuinua kichwa kuwatazama, na mimi nikaona niulize sasa.

"Ile iliyoungua," nikasema. "Nilikuwaje?"

Hakuuliza ipi. Aliliweka bunzi chini, akafikiri.

"Ulikuwa umekasirika," akasema. "Ndege zote zikaruka. Ukabaki wewe."

Sikumsahihisha.