Wale Wawili Wamepanga

Nyie tuliokulia pamoja ghorofani Joubert Park, huku kusini mwa Afrika, enzi zile lifti ikiharibika inabaki imeharibika mpaka watu wasahau kama iliwahi kutembea, hebu njooni tukae kidogo. Wengine wenu sasa mna vitambi na magari, mnajifanya hamkumbuki. Mimi nakumbuka. Nakumbuka korido ya ghorofa ya saba, saruji yake nyekundu inang'aa kwa polishi, na sisi watoto tukishindana mbio za pikipiki ambazo hazipo. Pikipiki yenyewe ni mdomo. Unanguruma mpaka mate yanakuruka, mguu wa kushoto umefungwa kopo la samaki wa pilchadi lililobondwa likawa bapa, na ukifika kwenye kona ya ngazi unalalia upande huo huo na kulikwaruza kopo sakafuni, krrrr! Jirani anafungua mlango, anatutukana kwa Kifaransa, na sisi huyoo, tumeshatoweka. Watoto wa leo wakitaka mbio wanabonyeza kidole gumba. Hata jasho hawatoki, halafu jioni wanakwambia wamechoka.

Lile kopo hatukulibuni wenyewe, tulikuwa tunaiga wakubwa. Kusini mwa jiji, chini ya vilima vya mchanga wa migodi, kulikuwa na uwanja wa mviringo wa vumbi tupu, na kila Jumapili baada ya watu kutoka kanisani kulikuwa na mbio. Pikipiki nne kwa mkupuo, mizunguko minne, daima wanakata kushoto. Na pikipiki zile, jamani, hazikuwa na breki. Sitanii. Ukishaingia umeingia, kinachokuokoa ni mkono wako wa mafuta na kiatu cha chuma ulichovaa mguu wa kushoto, unaouburuta chini kwenye kona huku gurudumu la nyuma likimwaga mchanga kama mtu anapepeta mchele. Injini zilinywa mafuta ya nyonyo. Harufu yake ikiungua ni tamu, inakaa kwenye nywele mpaka Jumatano. Mama yangu, mtu wa Tanga aliyenyweshwa nyonyo utotoni kusafishwa tumbo, kila mbio zikianza alikuwa anashika tumbo lake na kusema, "Mie hii harufu itanitia chooni siku moja mbele za watu."

Mama alikuwa anauza chai na maandazi pale uwanjani. Wenyeji walikuja na magwinya yao, mikate ya kukaanga mikubwa kama ngumi, lakini wakishaonja andazi lenye iliki ndio basi, magwinya yanarudi nyumbani.

Mlangoni alikaa mzee mmoja wa kizungu, sisi tukimwita Omu, yaani mjomba kwa lugha yao, aliyepanda pikipiki pale pale katika ujana wake, zama ambazo sisi tusingeruhusiwa hata kusogelea uzio. Uwanja ulikuja ukafa, wenzake wakahama, yeye akabaki na ufunguo. Mafundi wa garaji za mitaa yetu walipotaka kuufufua, aliwafungulia. Alipenda kumsimulia mama kwamba hata enzi zao, viti vikiwa vimejaa pomoni, watu walikuwa wananong'ona: wapanda pikipiki wanakaa kwenye chumba cha kuvalia wanakubaliana nani ashinde, fulani atalegeza mkono kona ya mwisho, fulani ataanguka kwa makusudi.

"Na ilikuwa kweli?" mama akamuuliza.

"Nyingine kweli, nyingine wivu," akasema mzee, akaomba andazi la pili.

Sasa, katika wapanda pikipiki wote, sisi wa ghorofa ya saba tulikuwa na wawili wetu. Yaya Ilunga, na "yaya" kwa Wakongomani ni kaka, alitoka Lubumbashi, mrefu, mpole, anavaa suti kwenda kununua mkate. Kaka Shabani alitoka Kigoma, mfupi, mdomo haulali. Jumatatu mpaka Jumamosi walikuwa walinzi wa geti moja huko Sandton. Watu wenye magari walipita mbele yao mchana kutwa, na kwa yeyote kati ya hao jina lao lilikuwa moja tu: "my friend". Lakini Jumapili! Jumapili watu wazima na akili zao walisimama juu ya viti wakiita "I-lun-ga! Sha-ba-ni!" mpaka sauti zinakauka. Mimi nilikuwa nawatazama wanavyoingia uwanjani, wamenyoosha mabega, na hadi leo sijaona wafalme wanaotembea hivyo. Niliwapenda, nasema wazi. Nilitaka nikikua niolewe na mmojawapo, yeyote, na kama haiwezekani basi anipe ile kofia ya chuma.

Tatizo ni kwamba walikuwa wanashinda mno. Jumapili hii Ilunga wa kwanza, Shabani wa pili. Jumapili ijayo Shabani wa kwanza, Ilunga wa pili. Watu wakaanza kutazamana.

Hapo ndipo akatokea Bwana Njoroge, Mkenya wa watu, mfanyakazi wa benki, tai mpaka Jumapili. Alikuja kwa mama kunywa chai, akamuuliza, "Mama Zuhura, hebu nieleze, hawa wawili wakoje?"

Mama, huku anageuza maandazi, akajibu bila hata kuinua kichwa, "Hao? Hao si wamepanga! Tena siku nyingi."

Nyie mnaojua Kiswahili cha kwetu mmeshaelewa. Wamepanga, wana chumba chao ghorofani, wanakaa pamoja, pazia katikati. Lakini kwa Bwana Njoroge nyumba huwa "unarenti". Kwa Wakongomani, mpangaji ni "lokateri". Kupanga, kwa masikio ya watu wale siku ile, kulikuwa na maana moja tu: njama. Chai ikamkwama kooni. "Wamepanga?" "Wamepanga, nakwambia. Muulize yeyote pale jengoni." Bwana Njoroge akaweka kikombe chini, akaondoka na habari yake.

Ilipofika Jumapili iliyofuata uwanja mzima unajua. Mama Zuhura anakaa nao ghorofa moja, kasema kwa kinywa chake. Ilunga na Shabani walipoingia, badala ya majina yao, watu wakaanza kupiga makofi na kuimba, "Wa-me-pa-nga! Wa-me-pa-nga!" Na mama yangu, masikini, hajui hili wala lile, akasema, "Hee, hawa watu chumba cha wenzao kinawahusu nini?"

Papa Deo, fundi kutoka Bukavu aliyekuwa mwenyekiti wa uwanja, akaitisha kikao garajini kwake Jumamosi usiku. Akasema mapema: ikithibitika, hao wawili hawatakanyaga tena uwanjani. Yaya Ilunga alikuja na suti. Kaka Shabani, aliyekuwa haachi kusema, siku ile alikuwa anakwangua kucha tu. Mimi nilikuwa nimeshika khanga ya mama, siiachii, maana nilielewa kwamba wakifukuzwa pale watabaki na lile jina la getini tu.

"Mama Zuhura," akasema Papa Deo, "ni kweli ulisema hawa wamepanga?"

"Kweli nilisema."

Watu wakaguna. Shabani akainua kichwa kama aliyechomwa sindano.

"Na wamepanga kweli?"

"Wamepanga, ndio. Naficha nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

Garaji ikachemka. Papa Deo akagonga meza kwa spana. "Na wanalipana?"

"Kulipana kwa nini? Wanamlipa mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba yupi?"

"Papa Deo na wewe! Mtu akipanga anamlipa nani, mwenye duka la nyama?"

Aliyeanza kuelewa ni Shabani, maana ndiye mwenzetu wa Kiswahili kile. Akaanza kucheka taratibu, akainama, akashika mbavu, machozi yakamtoka. "Dada," akasema, "dada umetuua!" Alipowafafanulia, garaji nzima ililipuka kwa kicheko. Papa Deo alilazimika kukaa juu ya tairi. Bwana Njoroge alitoa leso akajifuta uso, akarudia peke yake, "Wamepanga... wamepanga... aki Mungu." Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anatuuliza mpaka tunafika nyumbani, "Kwani wao huko kwao wanasemaje?"

Mngefikiri mambo yakaishia hapo. Wapi! Neno likishatoka limetoka. Waliokuwa garajini walicheka, ila waliokuwa kwenye viti wakasema hayo maelezo nayo yamepangwa. Mtu hawezi kusafisha jina lake kwa kamusi. Kesho yake, Jumapili, Yaya Ilunga alikuja kwa mama kabla ya mbio, akanywa chai amesimama. Mama akataka kumwomba radhi. Akamkatiza, "Mama, acha baseme. Leo bataona."

Na waliona. Jamani, mbio zile! Sijui niwaeleze vipi ninyi msiokuwepo. Mizunguko mitatu wanapishana kila kona, Ilunga mbele, Shabani mbele, viwiko vinagusana, mchanga unaturukia mpaka ndani ya sufuria ya maandazi. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyeimba ule wimbo. Wanaingia kona ya mwisho Ilunga mbele kidogo, kwa ndani, amelala mpaka goti linagusa chini, na pale pale gurudumu la mbele likamponyoka. Akaanguka katikati ya njia. Nyuma yake Shabani, na pikipiki isiyo na breki.

Alikuwa na nafasi ya kupita, Omu alituapia baadaye. Upenyo ulikuwepo upande wa juu, mwembamba, na kwa kasi ile angemkosakosa Ilunga au angempitia miguu, lakini mstari wa ushindi ulikuwa mbele yake, mweupe. Shabani hakuutafuta upenyo. Aliilaza pikipiki yake chini, yeye na chuma wakaserereka pamoja mpaka ukutani, bum! Wale wawili wa nyuma wakapita, wakamaliza.

Vumbi lilipotulia Yaya Ilunga alikuwa amesimama, anachechemea kuelekea ukutani, analia kwa sauti, "Shaba! Shaba!" Na kwenye kimya kile mjinga mmoja kutoka safu ya juu akapaza sauti, "Hata hili wamepanga!"

Aliyemgeukia ni Bwana Njoroge. Tai imemkaa begani, mate yanamtoka. "Wewe nyamaza! Nyamaza kabisa! Mtu anapanga kuvunjika?"

Kaka Shabani alivunjika mtulinga na mbavu kadhaa. Hakupanda tena pikipiki baada ya siku ile, na Yaya Ilunga naye hakupanda, alisema hana wa kushindana naye. Nilikwenda na mama chumbani kwao kumpelekea mgonjwa uji. Ilunga alikuwa anamlisha kwa kijiko, na mwenzake analalamika kijiko kikubwa. Mama akashindwa kujizuia, akamwuliza Shabani alikuwa anafikiri nini pale kwenye kona, na mstari ule pale.

Aliyejibu ni Ilunga. "Hakuwaza kitu, Mama. Tulishapatana zamani, siku ya kwanza tu. Mumoya akianguka, mwenzake analala na moto yake, pikipiki, chini. Hapana kumupita."

Mama akaweka bakuli chini. "Kumbe mlipanga," akasema, na alikuwa analia.

Leo nina saluni yangu Yeoville na mtoto wa kiume wa miaka kumi na tatu, anaelewa Kiswahili chote ila ananijibu kwa Kizulu na Kiingereza. Yeye na wenzake wanakaa kwenye ngazi ya duka la spaza na simu zao, wanabeti mechi za nchi ambazo hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Mchezaji akianguka, wanamtukana kwa kuwachania mkeka wao wa kubeti. Siwalaumu sana. Hawajawahi kumjua mchezaji yeyote anavyonuka, wala anavyokunywa chai, wala hajawahi kuwakemea kwa kelele kwenye korido. Sisi mashujaa wetu walikuwa wanatuazima chumvi. Na wapangaji wa jengo ninalokaa sasa, miaka sita tunapishana kwenye ngazi, tunasalimiana "sharp" na "sharp", sijui hata mmoja anaitwa nani. Nikianguka pale chini sijui nani atasimama.

Juzi nilimsimulia mwanangu habari hii yote wakati namnyoa. Alisikiliza vizuri, simu ameiweka pembeni, jambo la nadra. Nilipomaliza akaniuliza, eish, sasa siku ile alishinda nani?

Nikasimama na mashine mkononi, nikafikiri. Najua kuna mtu alivuka ule mstari wa kwanza, lazima yupo. Nikampigia mama simu huko Tanga alikorudi, naye hakumbuki. Uwanja mzima ule, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anatazama huko.