Mpiga Kanuni wa Darsait

Nichekeni tu, mwenyewe nshajicheka. Chumbani kwetu Bawshar natengeneza muziki kwa kompyuta na kibodi ya MIDI, ile ya vibonyezo kama vya piano. Kibodi yenyewe haina sauti. Sauti unaichagua wewe kwenye kompyuta. Nikatafuta sauti ya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Mbili za mwanzo zililia kama vijiko kwenye gilasi. Ya tatu ilirekodiwa uzi kwa uzi, na nilipoipiga, Bibi akasimama mlangoni, macho yamemlowa.

"Huyu anapiga kwa adabu. Nani?"

Sikuwa na moyo wa kumwambia ni kompyuta. "Mzee mmoja wa Darsait," nikajibu.

Tangu hapo kila wiki akinipa haluwa nimpelekee. Mara akataka mzee aje Ijumaa tule naye biriani. Nikasema anaumwa, nikajiona mjanja, nimesahau kuwa kwetu mgonjwa lazima akatazamwe.

Ijumaa nikamkuta Bibi keshavaa buibui, yumo garini, chupa ya supu mapajani. "Twende nikamtazame, maskini."

Nikaizunguka mitaa ya Darsait mara tatu, natafuta nyumba ya mtu asiyekuwepo. Mwisho nikaegesha gari, nikatoa kompyuta yangu mkobani, nikaifungua, nikabonyeza. Kanuni ikalia.

"Bibi, mzee ndiye huyu."

Akasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu. Kisha akanitazama tumbo.

"Na haluwa yangu ya kila wiki, mwanangu, nani akiila?"